Bado Moja Tu: Pale Makundi ya Maneno Yanapogoma

Mpwa wangu alikuwa amebakiza kosa moja. Matatu yetu ilikuwa imekwama Jogoo Road, Nairobi, makanga ameshuka kwenda kuona kulikoni mbele, naye ameinamia simu kama mtu anayehesabu chenji na kuikuta imepungua.

“Anti, hili fumbo lako lina kasoro.”

Fumbo lenyewe nilikuwa nimelituma asubuhi kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ni mchezo ambao wengi waliuzoea gazeti la New York Times lilipoanza kuutoa mwaka 2023 kwa jina la Connections, ingawa kule Uingereza BBC ilikuwa na kipindi cha televisheni chenye ukuta wa aina hiyo tangu 2008. Sheria zake ni chache. Unapewa maneno 16 na kutakiwa kuyapanga katika makundi manne, kila kundi maneno manne. Kila neno lina nyumba moja tu ya haki, na kosa la nne linafunga mchezo. Sisi nyumbani tunautunga kwa Kiswahili, na anayetunga ndiye refa: ukipatia matatu kati ya manne anakujibu “bado moja”, basi.

Haya ndiyo yaliyokuwa yakimtoa jasho:

PAMOJA – BASI – MBUZI – UMOJA
HURUMA – MATATU – KATA – TRENI
HISABATI – STAREHE – BODABODA – CHUNGU
MWIKO – MKUTANO – TEKSI – MARINGO

Ukitaka kulijaribu kwanza, simama hapa. Chini nalifungua lote, maana makosa aliyoyafanya binti huyu ndiyo ninayoyaona kila wiki, yangu mwenyewe yakiwemo.

Dalili: kundi limejitokeza mara moja, na lina maneno matano

Alianza na usafiri. Nani asingeanza na usafiri? BASI, TRENI, TEKSI, MATATU. Bado moja. Akatoa TEKSI akaweka BODABODA. Bado moja. Akafikiri kidogo, akasema “basi” ni neno la kumalizia maneno, si lazima liwe gari, akalitoa na kuirudisha TEKSI. Bado moja. Makosa matatu yakaisha ndani ya dakika mbili, gari halijasogea.

Chanzo: maneno matano yanaingia humo, na manne kati yake yanaweza kuchaguliwa kwa njia tano. Makosa unayoruhusiwa ni manne. Ukibahatisha unaweza kumaliza mchezo mzima kwenye kundi hilo moja, wala hujagusa mengine.

Lakini kuna sababu ya ndani zaidi. Mtu wa Nairobi ataitoa teksi. Ataitoa treni, ambayo wengi hatujaipanda mwaka mzima. Ataitoa hata basi. Neno moja hataligusa, nalo ni matatu. Mtunzi anajua hivyo, na chambo hufungwa penye imani kubwa. Kwa hiyo ukiona kundi limejaa kupita kiasi, usiulize lipi halifai sana humo, kwa sababu yote yanafaa. Tafuta lipi linahitajika kwingine.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini haijawahi kuniangusha. Kabla ya kutuma chochote, hesabu makundi yote unayoyahisi na uandike idadi. Mimi huandika nyuma ya risiti. Hapa ilikuwa hivi: usafiri 5. Mitaa ya Nairobi: UMOJA, HURUMA, STAREHE, MARINGO, 4. Vyombo vya jikoni: MWIKO, CHUNGU, na viwili ambavyo mpwa wangu hakuvijua, nitavirudia. Halafu kuna PAMOJA, MKUTANO na HISABATI, ambayo hayana kwao.

Anza na kundi lenye manne kamili, si lile lenye matano. Mitaa ni minne, na hakuna neno la tano linaloweza kuingia. Hata kama UMOJA inaonekana kuipenda PAMOJA, mitaa haiwezi kuiachilia, kwani ikitoka yanabaki matatu na hakuna wa kuziba pengo. Tuma mitaa. Sasa UMOJA haipo tena mezani, na vurugu imepungua nusu.

Dalili: umeambiwa “bado moja”, na unabadilisha neno moja moja

Jibu hilo linatia moyo kuliko linavyostahili. Linasema matatu ni sahihi, lakini halisemi ni yapi. Mgeni anaweza kuwa yeyote kati ya manne uliyochagua, na anayetakiwa anaweza kuwa yeyote kati ya 12 yaliyobaki: 4 mara 12, mabadilishano 48. Ukiwa na mtu mmoja tu wa kumshuku kuingia, yanabaki manne, na hapo ndipo watu hujipa moyo kwamba watabahatisha.

Ukiambiwa bado moja, liache kundi hilo kabisa. Nenda ukafanye kazi kwingine kwenye jedwali. Jibu la swali “nani mgeni” halimo ndani ya kundi ulilolikosea, limo kwenye kundi lenye upungufu. Nilimwambia hivyo mpwa wangu akanitazama kama ninamwambia atembee kwa miguu hadi Donholm.

Dalili: maneno yaliyobaki hayana uhusiano wowote duniani

PAMOJA, MKUTANO, HISABATI. Alijaribu “mambo ya shule”, akajaribu “mambo ya chama”, akafikiria harambee. Hakuna lililoshika.

Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: unasoma maana, na mtunzi amecheza na umbo. Kundi la namna hii ndilo ambalo gazeti lile hulipaka zambarau, rangi ya kundi gumu kuliko yote.

Namna ya kulipima: chukua neno moja na ujiulize kwa nini mtunzi hakuandika kisawe chake. Kwa nini MKUTANO, wakati kikao kipo na baraza lipo? Kwa nini HISABATI na si hesabu, neno ambalo kila mtoto wa Nairobi analisema? Kama kisawe kingefanya kazi ileile, neno limechaguliwa kwa maana. Kama hakifanyi, limechaguliwa kwa herufi zake. Hapo achana na kamusi, uangalie tumbo la neno.

Nikamwambia asome polepole: mku-TANO. Hi-SABA-ti. Pa-MOJA. Akanyamaza. Kisha akainua macho, akatazama vibandiko vya gari tulilokaa ndani yake, akacheka hadi abiria wa mbele akageuka. Ma-TATU.

Na hapo kuna utamu wa ziada ambao sikuutunga mimi: kwa maelezo yanayojulikana zaidi, matatu yalipata jina lao kutokana na nauli ya zamani ya senti 30, yaani mapeni matatu ya senti kumi. Namba haikujificha humo kwa bahati. Tumeizoea tu hadi hatuisikii.

(UMOJA nayo ina moja tumboni, ndiyo. Ndiyo maana nilisema mitaa itumwe kwanza.)

Namba si peke yake. Wanyama wanajificha vizuri sana katika Kiswahili: MPAKA ana paka, HEKIMA ana kima, TAIFA lina tai, na OFISI ina fisi, jambo ambalo baadhi ya wafanyakazi wa mjini watakuambia si fumbo hata kidogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaotafsiri mafumbo ya Kiingereza hulikosa. Watunzi wa Kiingereza hupenda maneno yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti. Kwetu mchezo huo haupo, kwa kuwa tunaandika tunavyotamka. Kanuni zilizofichwa kwa Kiswahili hukaa mahali pawili zaidi, kwenye silabi na kwenye ngeli.

Silabi kwanza. Zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo zinahamishika bila neno kuvunjika. Geuza BATI upate tiba. MALI, lima. KATA, taka. MILA, lami. Watoto wanaozungumza kinyume, ile lugha ya siri ya kupindua silabi, watalimaliza kundi hilo kabla wewe hujavaa miwani. Ukikwama, soma maneno yaliyobaki kwa sauti, silabi moja moja, kutoka nyuma. Kwenye gari watu watakutazama. Waache.

Ngeli ndiyo inayoniumiza mimi. Mwezi uliopita dada yangu aliweka MTU, MTI, MTO na MLIMA katika jedwali lenye MSITU, BAHARI, ZIWA na JANGWA. Mazingira yalikuwa saba, na nilichezea nne hadi nikafa. Mwenye kunitoa matongotongo alikuwa MTU, aliyekaa pale kama abiria aliyepanda gari lisilo lake. Ondoa m-, weka ki-: kitu, kiti, kito, kilima. Tangu siku hiyo, nikiona maneno mengi yanayoanza na silabi moja nayavisha viambishi vingine kabla sijafanya lolote: ki-, u-, ji-, wa-.

Ndugu yake huyo ni kundi linalongoja neno moja libandikwe mbele. MAJI, HEWA, SHERIA, HABARI. Ukiona maji na hewa, mkono unatafuta moto na udongo, na mtunzi amekuwekea moto uuchukue. Weka mwana- mbele ya kila moja: mwanamaji, mwanahewa, mwanasheria, mwanahabari. Alama yake ni kwamba maneno mawili yanaendana sana na mawili hayaendani na chochote.

Dalili: neno unalijua tangu utotoni, na linakaa vibaya popote unapoliweka

Hapa narudi kwenye jikoni. Mpwa wangu alizaliwa Buruburu, hapa hapa Nairobi. Kwake KATA ni kitenzi, na MBUZI ni nyama choma ya Jumapili. Aliviweka pembeni akingojea wanyama wengine waje, na hawakuja. Jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa, nilipomwonyesha jedwali lile kwenye ngazi aliweka mfuko wa mboga chini na kusema, “Mbuzi, kata, chungu, mwiko. Kwani unafungua jiko?” Hakutumia hata nusu dakika. Mbuzi ya kukunia nazi anayo, na kata ya kifuu cha nazi aliiona kwa nyanya yake ikining'inia juu ya mtungi.

Chanzo: umeshika maana moja na kuikumbatia. Kipimo ninachokitumia ni kulipa neno kionyeshi. Sema “mbuzi huyu”, halafu “mbuzi hii”. Sema “chungu hiki”, “chungu hawa” (wale wadudu), “dawa chungu”. Ukiweza kubadilisha kionyeshi na neno likabaki na maana, ujue lina nyumba zaidi ya moja. “Paa huyu” anakimbia porini, “paa hili” linavuja, na “paa!” ni amri kwa rubani. “Taa hii” inawaka, “taa huyu” anaogelea. “Kaa huyu” anatembea upande, “kaa hili” linaunguza. Kipimo hiki hakitoshi kila mahali: mwiko wa kusongea ugali na mwiko wa kutokula mnyama fulani ni “huu” wote wawili, na hapo kionyeshi hakikusaidii kitu.

Wakati mwingine tatizo ni mpaka wa nchi. Mtunzi wa Tanzania akiweka KATA, TARAFA, WILAYA na MKOA, ametunga ngazi za utawala, na kwake ni kundi la kuanzia. Sisi huku tangu katiba ya 2010 tunaishi na kaunti na wadi, kwa hiyo kata inatupita. CHOROKO inamkwamisha mtu wa Nairobi aliyekula ndengu maisha yake yote, naye hajui kwamba ni kitu kilekile. Angalia mtunzi ni wa wapi kabla ya kuamua fumbo ni gumu.

Na mpaka mwingine unapita katikati ya jiji lenyewe. Niliwahi kupewa MBAO, NGIRI, SOO na ASHUU. Nilimpeleka ngiri kwa nyati na kifaru, nikaipeleka mbao kwa misumari na mabati, nikabaki na vitu viwili nisivyovifahamu. Mtoto wa miaka 12 alinikumbusha bei za vitu: ashuu ni shilingi 10, mbao 20, soo 100, ngiri 1,000. Pesa za Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi. Wazee wa lugha watanuna, lakini mimi naona ni fumbo halali, mradi wachezaji wote wanaishi mji mmoja.

Dalili: kundi limekubaliwa, na hujui kwa nini

Imetokea kwa sababu maneno manne ya mwisho hujipanga yenyewe. Furahia, ila usisherehekee mbele ya watu. Ikiwa kundi la siri si la mwisho, itafute kanuni kabla ya kuendelea, kwa kuwa neno lililoingia kwa bahati linaweza kuwa limekuonyesha namna mtunzi anavyofikiri, na watunzi hurudia hila.

Dalili: umekagua yote, na bado maneno mawili yanaweza kubadilishana

Basi huenda kosa si lako. Mchezo huu una sharti moja kwa mtunzi: jibu liwe moja. Ikiwa mpangilio wa pili unatimiza masharti yote, fumbo ni bovu, hata kama aliyelitunga ni shangazi yako.

Niliwahi kulitunga bovu hivyo. Nilikuwa na SIMBA, KIFARU, TWIGA na CHUI kama wanyama wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1946 na ambayo watalii hushangaa kuona simba na nyuma yake maghorofa. Chambo changu kilikuwa TEMBO. Mbuga hiyo haina makundi ya tembo wa porini, kwa hiyo niliona hawezi kuingia humo, na nyumba yake ya haki ilikuwa kwa BUSAA, MURATINA na CHANG'AA, kwa sababu tembo pia ni pombe ya mnazi. Nilijiona hodari kweli.

Dada yangu alipiga simu badala ya kuandika. “Na wale watoto wa ndovu yatima wanaolelewa pale kwenye mbuga, upande wa Lang'ata, ni wanyama wa wapi?”

Nilimjibu kwamba pombe zilikuwa tatu na zilihitaji ya nne, kwa hiyo TEMBO hakuwa na uhuru wa kwenda mbugani. Kwa hesabu, nilishinda. Jibu lilikuwa moja. Lakini sababu niliyokuwa nimejiwekea, kwamba mbugani hakuna tembo, ilikuwa na tundu la kupitisha ndovu mzima. Siku hizi naandika pembeni ya kila chambo: kinazuiwa na nini? Kikizuiwa na idadi, sawa. Kikizuiwa na habari ninayodhani naijua, nakibadilisha.

Dalili: yote yamegoma

Babu zetu walikuwa na utaratibu. “Kitendawili!” “Tega!” Ukishindwa, aliyetega anasema “Nipe mji,” nawe unampa mji, anazunguka nao kidogo kwa maringo kisha anakupa jibu. Hakuna kutazama jibu kwa siri kwenye simu ya mwenzako.

Tulipofika Donholm, mpwa wangu alikuwa amemaliza kwa kosa lake la mwisho akiwa nalo mkononi. Akageuka akanitegea lake, alilolitunga akiwa amekaa pale. Maneno manne tu, nimwambie yanaungana wapi: KUKU, DADA, NYANYA, BOBO.

Nilisema silabi zilizorudiwa. Akasema hiyo ni nusu ya kanuni, la sivyo angeweka MAMA. Nilishuka garini nikifikiri, nikavuka barabara nikifikiri, nikafika langoni sina jibu.

“Nipe mji, Anti.”

Nikampa Thika. Akakataa, akasema Thika tunaenda kila mwezi. Nikampa Nakuru. Akakataa. Nikampa Mombasa pamoja na feri yake.

“Ongeza -za mwisho wa kila moja.”

Kukuza. Dadaza? Nikamwambia hakuna neno kama hilo. Akafungua lango, akasema atalirekebisha, lakini Mombasa harudishi.